Kisanduku cha Rangi Kimefungwa. Mwanangu Aandike Nini?

Barua za msimu huu karibu zote zinazungumzia jambo moja: watoto wetu na vyuo vya Marekani vinavyochuja sana. Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba kabla ya kurudi kwenye ualimu nilikaa miaka mingi katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kazi yangu ilikuwa kusoma mafaili ya waombaji, kisha kuyatetea au kuyaacha mbele ya kamati. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeuliza yaleyale.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, sasa naishi Houston na watoto wangu watatu. Natunza wazee, zamu ya usiku. Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho katika shule ya serikali huku Alief, na katika wanafunzi kama mia sita wa mwaka wake yeye ni wa kumi na mbili. Insha yake ya kuombea chuo ameandika habari za kuja huku akiwa na miaka tisa bila neno la Kiingereza, na jinsi anavyonisindikiza hospitali kunitafsiria. Mshauri wa shule amemwambia aifute yote, eti sheria siku hizi inakataza kutaja rangi wala asili. Mtoto amelia, sasa anasema ataandika kuhusu mpira wa wavu. Mimi sheria zao sizijui. Ni kweli imekatazwa? Na kama imekatazwa, watoto wetu watashindana vipi na watoto wa matajiri? — Mama wa Watatu, Houston*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa zamu za usiku. Insha isifutwe. Aliyemshauri binti yako amechanganya mambo mawili, na si yeye peke yake. Tangu 2023 nimesikia ushauri huo mara nyingi kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili zilizofunguliwa na kundi liitwalo Students for Fair Admissions, moja dhidi ya Harvard na nyingine dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Kesi ya North Carolina iliamuliwa kwa majaji sita dhidi ya watatu. Ya Harvard ilikuwa sita dhidi ya wawili, kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa. Aliwahi kuwa katika bodi ya usimamizi ya chuo hicho. Kilichokatazwa ni chuo kumpa mwombaji uzito kwa sababu tu ya rangi yake. Kile kisanduku cha rangi kwenye fomu, mtoto anaweza kukijaza, ila wasomaji wa mafaili hawaruhusiwi kukitumia, na vyuo vingi vimekifunga wasikione kabisa.

Lakini Jaji Mkuu John Roberts, ndiye huyohuyo aliyeandika uamuzi, alisema ndani yake kwamba hakuna kinachozuia chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji mwenyewe kuhusu namna rangi yake ilivyogusa maisha yake, kwa ubaguzi, kwa msukumo au vinginevyo, mradi maelezo hayo yafungamane na tabia au uwezo wa mtoto huyo. Akaonya pia kwamba vyuo visiitumie insha kurudisha kwa mlango wa nyuma kilichokatazwa. Onyo hilo ni la vyuo. Mtoto hakukatazwa kusimulia maisha yake.

Na mimi sitaficha msimamo wangu: naamini uamuzi ule ulikuwa na kosa kubwa. Tangu kesi ya Bakke ya mwaka 1978, ambapo chuo cha udaktari cha Davis, California, kilikatazwa kutenga nafasi 16 kati ya 100, vyuo vilikwisha kukatazwa kuweka mgawo. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Michigan kilikatazwa kutoa alama 20 za papo kwa papo kwa waombaji wa jamii zilizo chache. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: msomaji kuruhusiwa kuiona rangi pamoja na mambo mengine yote ya mtoto. Hicho ndicho kilichoondolewa. Matokeo tumeyaona. Katika kundi la kwanza lililodahiliwa baada ya uamuzi, lile la 2024, wanafunzi weusi katika chuo cha MIT walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 hadi 5. Amherst, kutoka 11 hadi 3. Yale walibaki 14 vilevile. Kwa hiyo kushuka si lazima. Inategemea chuo kinatafuta wapi na kinasoma vipi.

Hilo la kusoma nataka nikuonyeshe kwa karibu, maana watu wengi hudhani faili ni alama tu. Faili la mtoto lilipofika mezani kwangu, kabla ya alama nilifungua karatasi ambayo wazazi wengi hawajawahi kuiona: wasifu wa shule. Huandikwa na shule yenyewe. Inasema wanafunzi ni wangapi, wangapi wanapata chakula cha bure, shule inafundisha masomo mangapi ya kiwango cha juu, wastani wao katika SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, ni ngapi. Bila karatasi hiyo alama haina maana. Nakumbuka faili la kijana mmoja (nimebadilisha mambo madogo asijulikane) ambaye hakuwa na somo la kalkulasi hata moja. Mwenzangu alitaka kumwacha. Wasifu wa shule ulisema wazi kwamba kalkulasi haifundishwi pale. Kijana alikuwa amemaliza hesabu zote zilizokuwapo shuleni akiwa darasa la kumi na moja, kisha akawa anapanda basi jioni kwenda kusoma nyingine katika chuo cha jamii cha mjini. Kwenye sehemu ya shughuli za nje ya darasa alikuwa na mstari mmoja: kuwachukua wadogo zake shule, kuwapikia, kuwasimamia kazi za nyumbani, saa ishirini kwa wiki. Faili lililotangulia lilikuwa na kambi ya sayansi ya majira ya joto iliyolipiwa maelfu ya dola, tenisi, na safari ya kujitolea nje ya nchi. Mtu mmoja mezani akasema huyu wa pili hana shughuli. Nilimwomba ahesabu tena zile saa ishirini, kwa miaka mitatu. Kijana alidahiliwa, ila ilibidi mtu azungumze, na nyakati nyingine hapakuwa na wa kuzungumza.

Kwa hiyo binti yako aandike habari za hospitali. Ila mwambie haya kutoka kwangu. Kusema tu kwamba yeye ni mhamiaji au ni Mwafrika hakumsaidii, kwa sheria na hata kwa usomaji. Kinachomsomesha msomaji ni lile tukio lenyewe: daktari amesema neno gani, yeye hakulijua, akafanya nini, mama alimtazama vipi, na tangu siku hiyo amekuwa akifanya nini tofauti. Insha ya maombi ina ukomo wa maneno 650. Maneno mia mbili ya tukio moja lililosimuliwa vizuri yana nguvu kuliko historia nzima ya safari kutoka Kigoma. Na asiandike kuomba huruma. Mtoto anayesimama kati ya mama yake na daktari, akibeba maneno ya ugonjwa ambayo mtoto hapaswi kuyabeba, ana ujasiri na ana ufasaha wa lugha mbili. Hizo ni sifa, na ndizo anazopaswa kuzionyesha. Mpira wa wavu aupende, auandike kwenye orodha ya shughuli.

Sasa habari njema ambayo naona hamjaambiwa, na ndiyo iliyonifanya niiweke barua yako mwanzo. Mko Texas. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilizuia vyuo vya huko kutumia rangi, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yoyote ile ya jimbo, anaingia chuo kikuu cha umma moja kwa moja. Kwa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin kiwango kimebanwa baadaye kwa sababu waombaji ni wengi. Kuanzia wanaoingia msimu wa vuli 2026 ni asilimia 5 ya juu. Wa kumi na mbili kati ya mia sita ni asilimia 2. Binti yako, akiwa ametimiza masomo yanayotakiwa na kutuma maombi kwa wakati, ana nafasi Austin ambayo hakuna kamati ya kuinyima. Angalizo moja: sheria inampa chuo, haimpi fani. Uhandisi, biashara, uuguzi bado vinashindaniwa, na hapo insha ile itafanya kazi yake.

Sheria hii naipenda na inaniuma kwa wakati mmoja. Naipenda kwa sababu inamlinganisha mtoto wa Alief na wenzake wa Alief, waliokaa naye darasa moja na walimu walewale. Inaniuma kwa sababu inafanya kazi vizuri pale tu ambapo shule zimetengana, weusi na Walatino huku, Wazungu kule. Laiti watoto hao wote wangesoma pamoja, isingeleta mchanganyiko wowote.

Kuhusu pesa: kama binti yako ana uraia au ukaazi wa kudumu, jazeni mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za masomo, wewe na yeye mkae pamoja, maana inahitaji taarifa zako za kodi. Mfumo wa Chuo Kikuu cha Texas umetangaza kwamba kuanzia vuli 2025 familia yenye mapato yasiyozidi dola 100,000 kwa mwaka, ikitimiza masharti, hailipi karo. Malazi na chakula ni hesabu nyingine, ulizeni chuo. Na akiomba vyuo binafsi vikubwa, asikubali kushawishiwa kuomba ule mpango wa mapema wenye sharti kwamba ukipata lazima uende, mpaka mmetumia kikokotoo cha gharama kilicho kwenye tovuti ya kila chuo. Mpango ule umewekwa kwa ajili ya familia isiyo na haja ya kulinganisha msaada wa chuo hiki na kile.

*Mwalimu, salaam kutoka New Jersey. Sisi ni Wahindi wa Tanga. Babu alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, na mpaka leo nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kugombania na kuchekea. Mwanangu mkubwa alipata 1560 kwenye SAT kati ya 1600, alama zote A, anapiga fidla. Vyuo vitano vikubwa vimemkataa. Jamaa wanasema watoto wenye majina kama yetu hupunguzwa makusudi ili waingizwe weusi. Wengine wanatushauri mdogo wake abadilishe jina la ukoo kwenye fomu mwakani. Niambie ukweli bila kunibembeleza. — Baba wa Tanga*

Kaka, mimi ni wa Pangani, kwa hiyo tunaandikiana kijirani, na nitakujibu kama ulivyotaka.

Kwanza hesabu. Katika udahili wa 2024 Harvard ilipokea maombi zaidi ya 54,000 na ikawakubali 1,937. Wenye alama kama za mwanao wanatosha kujaza chuo kile mara kadhaa. Kukataliwa pale hakusemi kwamba kijana amepungukiwa, na hakuthibitishi kwamba kuna mtu amemwibia.

Pili, malalamiko ya jamaa zako yana msingi, na si haki kuwaambia wameota. Kwenye kesi ya Harvard ilijulikana kwamba wasomaji huwapa waombaji alama za aina kadhaa: taaluma, shughuli, michezo, na ile wanayoiita ya utu. Waombaji wa asili ya Asia walikuwa juu katika taaluma, lakini wastani wao katika alama ya utu ulikuwa chini. Jaji Allison Burroughs, aliyeiamua kesi hiyo mwaka 2019 katika mahakama ya chini, alisema hakuona ubaguzi wa makusudi. Mimi nimekaa kwenye meza za namna hiyo na nasema hivi: makusudi si lazima yawepo. Nimemsikia mtu mwema, mchapakazi, akifunga faili na kusema, "huyu ni mwingine wa hesabu na fidla." Hakuna aliyewahi kufunga faili mbele yangu akasema "mwingine wa hoki ya barafu kutoka Connecticut," nao walikuwa wengi kupita kiasi. Mtoto kunyimwa upekee wake kwa sababu anafanana na wengine waliofanya bidii, hiyo ni dhuluma.

Jambo hilo lina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanafunzi wa Kiyahudi walipita asilimia 20 pale Harvard, kwa kufaulu mitihani tu. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, mwaka 1922 alitaka wawekewe ukomo wa asilimia 15. Alipopingwa, chuo kikapata njia ya upole zaidi: kufikia 1926 mwombaji akaanza kupimwa tabia na haiba, akatakiwa kutuma picha, na watoto wa majimbo ya mbali wakatafutwa zaidi kuliko wa New York. Sehemu kubwa ya fomu ambazo watoto wetu wanazijaza leo, barua za wadhamini, mahojiano, maelezo ya haiba, zilizaliwa katika hila ile. Kifaa hichohicho baadaye kilitumika kwa jambo jema, kumwona kijana wa saa ishirini niliyemtaja juu. Ndiyo maana sikubali wanaotaka alama peke yake, na sikubali wanaosema tuiamini kamati moja kwa moja. Kamati ilazimishwe kueleza.

Tatu, hao weusi. Siwezi kukuambia kwamba hakuna hata kiti kimoja kilichoamuliwa kwa rangi. Kiti kikiwa kimoja na watu ishirini, kila kigezo kina anayeumia. Lakini angalia milango mingine. Nyaraka za kesi ileile zilionyesha kwamba mtoto wa mhitimu wa Harvard alikuwa akikubaliwa kwa kiasi cha mmoja kati ya watatu, wakati wengine ilikuwa karibu asilimia 6. Wachumi waliochambua takwimu zile waliona kwamba zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliodahiliwa walikuwa wanamichezo walioandikishwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au wale walio kwenye orodha ya mkuu wa udahili, ambamo wamo watoto wa wafadhili. Mwaka 2023 mchumi Raj Chetty na wenzake wakatoa utafiti wao kuhusu vyuo kumi na viwili vya daraja la juu: mtoto wa asilimia 1 ya matajiri ana nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma huko kuliko mtoto wa kipato cha kati mwenye alama zilezile za mtihani. Mahakama ilifunga mlango wa rangi. Milango hii haikuigusa.

Hata huko Harvard, baada ya kisanduku kufungwa, wenye asili ya Asia mwaka 2024 walikuwa asilimia 37, sawasawa na mwaka uliotangulia. Mwaka 2025 wakafika 41. Weusi walishuka kutoka 18 hadi 14, kisha 11.5. Mtu akikuambia sasa mambo yamenyooka, muulize watoto wa wahitimu ni asilimia ngapi. Johns Hopkins waliacha kuwapendelea tangu 2014, Amherst wakatangaza kuacha 2021, na California imepitisha sheria inayokataza hata vyuo binafsi, ikaanza Septemba 2025. Hapo ndipo wazazi wa Kihindi na wazazi weusi wa New Jersey wangesimama pamoja mbele ya wabunge wao.

Jina asibadilishe. Vyeti na alama za SAT vina jina lake, na kijana atakayeanza chuo kwa kujificha ataendelea kujificha. Ila namuuliza mdogo wake swali moja: fidla anaipenda? Kama anaipenda, aipige. Kama nyumbani kuna mtoto anayejua kusimulia duka la Ngamiani kwa Kiswahili alichokipata kwa bibi akiwa New Jersey, na amewahi kukaa na wazee kuandika habari zao, msomaji aliyechoka hatafunga faili hilo haraka.

*Mwalimu, mambo ya upendeleo ni ya Wamarekani na historia yao ya utumwa. Huku kwetu mtu anapata alama, anaingia chuo, basi. Kwa nini tuwaletee vijana wetu ugomvi wa watu? — Msomaji, Nairobi*

Ndugu yangu, kwetu yapo, na tumeyajaribu kwa miaka mingi.

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5, na ukumbi wa mihadhara ulibadilika sura. Tanzania baada ya uhuru ilirithi shule za misheni zilizojaa Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, na maeneo makubwa ya nchi karibu hayana kitu. Serikali ikagawa nafasi za sekondari kwa mikoa. Wazazi wa Kilimanjaro walilalamika kwamba watoto wao wenye alama nzuri wanaachwa, na walikuwa wakisema kweli. Na walioko kusini na pwani, ambao misheni na serikali ya kikoloni viliwaacha nyuma, nao walikuwa wakisema kweli. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila anayekwenda chuo kikuu afanye kazi kwanza angalau miaka miwili na apate mapendekezo ya kazini na ya chama. Wasichana wakapungua chuoni ghafla, maana miaka ile ndiyo ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Kanuni iliyoandikwa sawa kwa wote ilikuwa imewaangukia wao.

Kwenu Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 56, inaitaka serikali iwape makundi yaliyoachwa nyuma nafasi maalumu katika elimu. Hilo watu hulipigia kelele. Lakini kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya kujilipia, yale mliyoyaita paralelo, na aliyekosa alama za kozi aliyoitaka kwa udhamini wa serikali aliweza kuisoma kama mzazi ana uwezo. Sikumbuki kusikia wengi wakiuita huo upendeleo. Alama tano akizipata msichana wa Wajir ni upendeleo, akizinunua mwenye fedha ni fursa? Swali hilo ni letu hasa, na vijana wetu wana haki ya kulijadili.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne shule ya kutwa huku Kwale, nimepata A- kwenye KCSE. Rafiki zangu wanasema Wamarekani wanawahurumia Waafrika, niandike umaskini wetu wote. Kuna wakala anataka shilingi elfu themanini anitafutie ufadhili. Nifanye nini? — Kijana wa Kwale*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa A-. Wakala usimpe hata senti. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi una kituo cha ushauri kiitwacho EducationUSA, ushauri wao ni bure. Upo pia mpango wa KenSAP, ulioanza 2004, unaochukua vijana wa Kenya waliofaulu sana na kuwaandaa kwa SAT na maombi. Soma masharti yao uone kama unaingia.

Ile dhana ya huruma iache. Mwombaji kutoka nje hata zamani hakuhesabiwa kwenye takwimu za rangi za vyuo; alikuwa kwenye fungu la wanafunzi wa kimataifa, na tatizo lake kubwa lilikuwa fedha, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Vyuo vingi huangalia kama unaweza kulipa kabla ya kukukubali. Vichache haviangalii, kisha vinalipia pengo lote, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Ushindani huko ni mkali, kwa hiyo ongeza vyuo vidogo vyenye msaada kwa wageni, na usiache nafasi yako ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo vya Kenya. Chukua kozi ya nyumbani huku ukiomba.

Dirisha la maombi ya vyuo vingi vile hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa masomo ya Agosti au Septemba. Una miezi ya kutosha. Kuhusu SAT, kama huna namna ya kulipia, waulize EducationUSA kama kuna msaada wowote, na kila chuo kiombe kikusamehe ada ya maombi. Ukipata alama ya kawaida kwa chuo kile lakini ya juu sana kwa Kwale, itume. Dartmouth walirudisha mtihani huo mwaka 2024 baada ya kugundua kwamba watoto wa shule duni walikuwa wakificha alama za kama 1400 ambazo zingewasaidia.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu wako wiki hii. Shule ya kutwa Kwale yumkini haijawahi kuandika wasifu wa shule, na bila huo msomaji wa Amerika hatajua A- yako imetoka wapi. Mwombe aandike ukurasa mmoja: darasani mlikuwa wangapi, walimu wa sayansi wangapi, maabara ilikuwa na nini, waliopata C+ na kuendelea mwaka wako walikuwa wangapi kati ya wangapi, na wewe ulikuwa wa ngapi. Mwalimu wa fizikia au wa hesabu aandike barua ya pili, na aeleze jambo moja alilokuona ukilifanya kwa macho yake. Ukizipata hizo mbili, niandikie tena pamoja na rasimu ya insha. Nitaisoma.